Modeli ya ukuaji wa folikuli inapogoma: anza na dalili, usianze na parameta

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ameandika milinganyo yake ya ukuaji wa folikuli (vifuko vya ovari vinavyobeba mayai), ameiendesha kwenye kompyuta, na majibu yanayotoka hayafanani na ovari ya mnyama yeyote anayejulikana. Ng'ombe wa kwenye modeli anapevusha mayai manne wakati ng'ombe wa zizini anapevusha moja, au programu inakwama katikati bila kusema kwa nini. Wengi wetu tukifika hapo tunaanza kuchezea parameta, yaani namba za kudumu za milinganyo: ongeza hii, punguza ile, mpaka grafu ipendeze. Napinga kabisa njia hiyo. Parameta iliyolazimishwa hufunika kosa lililoko kwenye data, kwenye ukokotoaji au kwenye muundo wa modeli, na kosa hilo litajitokeza tena siku utakapotaka modeli itabiri jambo ambalo hujalipima.

Ili tuzungumze kitu kimoja, nitatumia mlinganyo ambao H. Michael Lacker aliuchapisha mwaka 1981 katika jarida la Biophysical Journal. Ni mfupi, na karibu kila ugonjwa wa modeli za aina hii unaonekana ndani yake. Kila folikuli ina x, yaani kiasi cha homoni ya estradioli inachomwaga kwenye damu, kinachochukuliwa kuwa kipimo cha upevu wake. X kubwa ni jumla ya x za folikuli zote za ovari mbili. Kila folikuli inafuata sheria hii:

dx/dt = x · [1 − (X − M₁x)(X − M₂x)]

Muda na x vimepimwa kwa vipimo visivyo na yuniti, na M₁ na M₂ ndizo parameta mbili tu zilizobaki. FSH, homoni inayokuza folikuli, huioni kwenye mlinganyo lakini imo: estradioli ikipanda, tezi ya pituitari inapunguza FSH, na athari hiyo imebebwa na X. Folikuli zote zinakula sinia moja, na ukubwa wa kila moja unaamua kinachobaki kwa wenzake. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanajieleza.

Folikuli zote zinapanda pamoja, halafu zinasimama

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi, na ina vyanzo vitatu tofauti ambavyo kwenye grafu vinafanana.

Cha kwanza ni thamani za mwanzo. Mtu anaweka folikuli 20, zote zikianza na x = 0.01, kisha anashangaa kwamba hakuna iliyoteuliwa, yaani iliyowaacha wenzake na kuongoza. Mlinganyo ni ule ule kwa kila folikuli na X ni ile ile kwa zote, kwa hiyo zikianza sawa zitabaki sawa. Unaweza hata kukokotoa zitakaposimama. Zikiwa N na zote zina x moja, X = Nx, na ukuaji unakoma pale x inapofikia 1/√[(N − M₁)(N − M₂)]. Kwa N = 20, M₁ = 0.8 na M₂ = 2 jibu ni 0.054. Ukiona mistari yako yote imelala karibu na namba hiyo, usiguse kitu kingine kabla ya kuzipa folikuli thamani za mwanzo zinazotofautiana, hata kama tofauti ni ya asilimia moja. Wakati mwingine mistari hiyo inaachana yenyewe baada ya muda mrefu, na mtu anafurahi. Asifurahi: kilichozitenganisha ni makosa madogo ya kompyuta ya kukata desimali, na ukibadilisha njia ya kutatua utapata "mshindi" mwingine.

Chanzo cha pili ni kusahau kuunganisha. Katika programu, X imekokotolewa mara moja mwanzoni na haikokotolewi upya kila hatua, au kila folikuli imepewa FSH yake. Jaribio lake ni rahisi. Endesha modeli ikiwa na folikuli moja, kisha ikiwa na kumi, na uangalie mstari wa ile ya kwanza. Kama haukubadilika hata kidogo, folikuli zako hazijuani.

Chanzo cha tatu ni cha muundo, na hapa inabidi tukae kidogo. Chukua folikuli mbili, i na j. Kasi ambayo uwiano wao unabadilika, ukipimwa kwa logi, ni:

(xᵢ − xⱼ) · [X(M₁ + M₂) − M₁M₂(xᵢ + xⱼ)]

Mabano ya mraba yakiwa chanya, tofauti inakua na kubwa inaiacha ndogo. Yakiwa hasi, tofauti inafutika na folikuli zinarudi kulingana. Kwa M₁ = 0.8 na M₂ = 2 mabano hayo ni X mara 2.8, ukitoa 1.6 mara jumla ya x mbili. Na kwa kuwa jumla hiyo haiwezi kuzidi X, mabano ni chanya siku zote. Uteuzi hauepukiki. Lakini kwa M₁ na M₂ kubwa, folikuli chache zilizotangulia zinaweza kubebana. Huo ndio ufundi wa mlinganyo wa Lacker: kukua pamoja na kuachana vyote vimo ndani yake, na ni parameta mbili zinazoamua.

Kuna njia nyingine ya kuuona uteuzi ambayo wanafunzi huishika haraka. Andika p = x/X, yaani fungu la folikuli katika estradioli yote. Kasi ya ukuaji inakuwa 1 − X²(1 − M₁p)(1 − M₂p). Kwa folikuli ndogo sana p ni karibu sifuri, kasi inabaki 1 − X², na X ikivuka 1 folikuli hiyo inaanza kunyauka. Ila ile yenye p kubwa kuliko 1/M₂ (katika mfano wetu, zaidi ya nusu ya estradioli yote) ina mabano mawili yenye alama tofauti, kwa hiyo X ikipanda inazidi kufaidika. Kinachowaua wadogo kinamlisha mkubwa. Chora p za folikuli zote badala ya x zenyewe, na utauona uteuzi saa inapotokea.

Idadi ya mayai yanayopevuka si sahihi

Usibahatishe. Kokotoa H = M₁M₂/(M₁ + M₂). Kundi la folikuli M linaweza kubaki likiongoza kwa uthabiti iwapo M iko kati ya H na 2H, na litafika kupevuka iwapo M iko kati ya M₁ na M₂. Masharti yote mawili yatimizwe.

Kwa 0.8 na 2, H ni 0.57 na 2H ni 1.14, namba nzima iliyomo ni 1 tu, na huyo ni ng'ombe, au mwanamke. Kwa 3.85 na 15.15, H ni 3.07 na 2H ni 6.14, na kupevuka kunataka M izidi 3.85: unapata 4, 5 au 6 kulingana na folikuli zilivyoanza. Kwa hiyo mtu aliyenakili parameta za mnyama anayezaa wengi na kuzipeleka kwa ng'ombe hana haja ya kutafuta hitilafu kwenye programu. Programu imefanya kazi yake.

Sasa jaribu 3.2 na 20. H ni 2.76 na 2H ni 5.52. Kundi la 4 au 5 litapevuka. Kundi la 3 nalo ni thabiti, lakini liko chini ya M₁: linakua mpaka x ifikie 0.54 na kusimama hapo milele, bila yai kutoka. Parameta ni zile zile, mnyama ni yule yule, tofauti ni thamani za mwanzo tu. Ukiona modeli yako mara inapevusha mara inaganda, angalia kwanza kama kuna namba nzima iliyoangukia kati ya H na M₁. Akin na Lacker walilichambua jambo hili mwaka 1984, na mwaka 1997 Chávez-Ross na wenzake wakaliendeleza kwa kuondoa dhana kwamba folikuli zote zinafanana, wakitafuta namna modeli inavyoweza kuonyesha ovari ya PCOS (ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi), yenye folikuli nyingi za kati zilizokwama. Kwa hiyo mgando si lazima uwe hitilafu. Unaweza kuwa ndio ugonjwa uliokuja kuutafuta.

Tahadhari moja kwa wanaofanya kazi na kondoo. Idadi ya mayai kwa Merino wa Booroola haipandi kwa sababu FSH imemwagwa zaidi. Mabadiliko ya jeni ya FecB yako kwenye kipokezi cha BMP (protini ya kupeleka ishara kati ya seli) ndani ya ovari, na folikuli zao hupevuka zikiwa ndogo, kila moja ikiwa na seli chache za granulosa (zile zinazolizunguka yai) kuliko kawaida. Ukilazimisha mayai mengi kwa kuongeza FSH kwenye modeli utapata idadi sahihi pamoja na ukubwa usio sahihi. Linganisha vyote viwili kwa pamoja.

Kiongozi ni yule yule kila mara

Kwenye mlinganyo wa Lacker, folikuli iliyoanza kubwa kuliko zote haipitwi kamwe. Ni matokeo ya kihisabati: ili moja ipite nyingine ni lazima kwanza zilingane, na zikilingana zinabaki sawa. Kwenye ovari ya kweli, folikuli ya pili wakati mwingine inampita kiongozi kabla ya uteuzi kukamilika. Tunajua pia kwamba ina uwezo kamili wa kuongoza: kiongozi akiondolewa mapema, ya pili inashika nafasi yake.

Kama swali lako linahusu nani atashinda, muundo huu hautoshi. Ipe kila folikuli usikivu wake kwa FSH, au ongeza bahati nasibu kwenye ukuaji. Kama swali lako ni wangapi watashinda, uache ulivyo. Kuongeza parameta ambazo swali halizihitaji ni kujitafutia dalili ya mwisho ya mwongozo huu.

Programu inakwama, au inatoa NaN ("si namba")

Folikuli inapopevuka katika mlinganyo huu, x inapaa bila kikomo ndani ya muda wenye kikomo. Kwa folikuli iliyobaki peke yake, muda huo ni T = ½ ln(1 + 1/(c·x₀²)), ambapo c = (1 − M₁)(M₂ − 1). Kwa 0.8 na 2, c ni 0.2; ikianza na x₀ = 0.01, T ni 5.41. Karibu na T, x inafuata 1/√(2c(T − t)): ikibaki 0.01 ya muda x ni kama 15.8, ikibaki 0.0001 ni kama 158. Programu inafupisha hatua zake mpaka haiwezi kufupisha tena, inajisalimisha, na ujumbe wake unaongelea ukubwa wa hatua, hauongelei ovari. Hapo ndipo watu hubadilisha njia ya kutatua, kutoka RK45 kwenda Radau au BDF. Haisaidii. Tatizo halikuwa ugumu wa mlinganyo. Jibu lenyewe linakwenda nje ya dunia.

Dawa ni kuamua kibiolojia kwamba kupevuka kumetokea x ikifika kizingiti fulani, na kuiambia programu isimame hapo. Kwenye Python, solve_ivp inapokea tukio la kusimamisha. Kwenye MATLAB, odeset ina chaguo hilo hilo. Baada ya kusimama, ondoa folikuli iliyopevuka, weka korpasi luteumu (tezi inayobaki pale yai lilipotoka, inayotoa projesteroni) kama unamodeli mzunguko mzima, kisha endelea. Ukitaka kuchunguza sekunde za mwisho, badili vigeu: fuata p badala ya x, na muda uupime kwa saa inayokwenda kasi X inavyopanda.

x hasi ni kisa kingine. Hakuna folikuli yenye estradioli pungufu ya sifuri, lakini hatua ndefu ya muda inaweza kuivusha folikuli inayonyauka upande wa pili wa sifuri. Tatua ln x badala ya x. Ni mstari mmoja wa kubadilisha na tatizo linakwisha kabisa.

Fomula ya T inafaa pia kwa wanaolalamika kwamba yai linapevuka siku isiyo sahihi. Ukipunguza x₀ mara kumi, T inaongezeka kwa 2.3 tu, kwa sababu ya logi. Thamani ya mwanzo haina nguvu ya kurekebisha kalenda. Kinachotafsiri T kuwa siku ni kasi ya msingi ya ukuaji, na hiyo itoke kwenye vipimo vya folikuli zinazokua.

Mstari wa ukubwa haufanani na altrasaundi

Uliza kwanza unalinganisha nini na nini. x ni estradioli. Altrasaundi inatoa kipenyo. Histolojia inatoa idadi ya seli. Vitu hivi vitatu vinapanda pamoja lakini havipandi kwa kasi moja, na nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibika kwa kuviita vyote "ukubwa".

Chukua folikuli inayotoka milimita 5 kwenda 20. Kipenyo kimeongezeka mara 4, ujazo mara 64. Mara 64 ni kujigawa mara sita, na mtu akidhani ujazo wote ni seli ataziwekea seli za granulosa kasi ya kujigawa ambayo hazina. Sehemu kubwa ya ujazo huo ni maji ya uwazi wa ndani. Folikuli yenye uwazi inahitaji vigeu viwili, seli na maji, hata katika modeli ndogo kabisa.

Umbo la mstari nalo linasema kitu. Kama seli zinajigawa kwa kasi isiyobadilika, kipenyo kitapinda kuelekea juu kadiri siku zinavyokwenda. Altrasaundi ya ng'ombe inaonyesha mstari ulio karibu na mnyoofu, halafu unaolala. Maana yake kasi inapungua ndani ya folikuli yenyewe: seli zinaacha kujigawa na kuanza kazi ya kutengeneza homoni. Frédérique Clément na wenzake huko Ufaransa wamelijengea jambo hilo modeli tangu miaka ya 1990, wakianza na kondoo. Wao hawahesabu seli kwa jumla tu, wanazifuata kwa umri wake ndani ya mzunguko wa kujigawa na kwa kiwango chake cha upevu, na FSH inaamua zitoke lini kwenye kujigawa. Modeli yao ya mwaka 2005 ni nzito kuendesha. Lakini kama dalili yako ni kipenyo kinachopinda juu, wazo lake la msingi unaweza kulichukua kwa mlinganyo mmoja wa ziada: fungu la seli ambazo bado zinajigawa, linalopungua upevu ukipanda.

Kwa ng'ombe wa zebu, uteuzi unakuja umechelewa

Hii inatugusa moja kwa moja sisi wa Afrika Mashariki. Parameta nyingi zilizochapishwa zimetoka kwa Holstein, ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya. Kwao, kiongozi anaachana na wenzake akiwa na kipenyo cha kama milimita 8.5, na folikuli inayopevuka hufika 15 hadi 20. Kwa Nelore wa Brazil, ambao ni zebu, kuachana kunatokea karibu na milimita 6, na folikuli inayopevuka kwa kawaida ni ndogo vilevile. Ukichukua vizingiti vya Holstein ukavipeleka kwa Boran au kwa zebu wetu wa asili, modeli itaendelea kusubiri mashindano ambayo kwenye mnyama yameshakwisha siku nyingi. Grafu itakuonyesha folikuli tatu au nne zikigombania nafasi wakati altrasaundi inaona kiongozi mmoja.

Hapa kubadilisha kizingiti ni halali, maana una sababu ya kibiolojia na kipimo cha kukiweka. Kinachokatazwa ni kunyoosha data ya zebu kwa kuizidisha namba fulani ili ifanane na Holstein. Wala usichukue namba ya Nelore ukadhani imemaliza kazi. Pima mitamba yako. Na upime mara nyingi inavyowezekana. Folikuli za ng'ombe zinakua kama milimita 1.5 kwa siku, na tofauti kati ya kiongozi na wa pili wanapoanza kuachana ni chini ya milimita moja. Altrasaundi ya mara moja kwa siku haiwezi kuona kwa uhakika nani alitangulia, na modeli yako isiadhibiwe kwa kutokubaliana nayo kwa nusu siku.

Vilele vya modeli ni virefu mno kuliko vya data

Kabla ya kushusha vilele vya modeli, tazama data ilivyotengenezwa. Ng'ombe wengi wana mawimbi mawili au matatu ya folikuli, yaani makundi yanayoanza kukua pamoja, katika mzunguko mmoja. Wenye mawili wanaanzisha wimbi karibu na siku ya 0 na ya 10. Wenye matatu, karibu na siku ya 0, ya 9 na ya 16, na mzunguko wao ni mrefu zaidi kwa siku mbili hivi. Ukiwajumlisha na kutafuta wastani wa kila siku unapata mnyama ambaye hajawahi kuzaliwa, mwenye FSH inayopanda na kushuka kwa uvivu siku zote. LH, homoni inayochochea yai kutoka, ndiyo inaumia zaidi: kilele chake kinadumu muda mfupi, na wanyama wakitofautiana hata siku moja tu, wastani unakibomoa.

Tenganisha makundi. Kisha panga data kwa tukio, yaani siku ya kilele cha LH au siku ya kuachana, badala ya kuipanga kwa kalenda. Mara nyingi modeli iliyoonekana mbovu inageuka kuwa nzuri bila kuguswa.

Na kama tofauti kati ya modeli na data ni ya mara 3.67 hivi, acha kutafuta: estradioli moja iko kwenye pikogramu kwa mililita na nyingine kwenye pikomoli kwa lita. Kwa projesteroni namba ya kukumbuka ni 3.18, kutoka nanogramu kwa mililita kwenda nanomoli kwa lita.

Mzunguko unakufa baada ya kupevuka mara chache

Ukishaunganisha folikuli na pituitari, modeli inaweza kuwa na mizunguko thabiti zaidi ya mmoja. Harris Clark, Schlosser na Selgrade walionyesha hivyo mwaka 2003 kwa modeli ya mzunguko wa hedhi: kwa parameta zile zile kulikuwa na mzunguko mmoja wenye kilele cha LH na mwingine wa mawimbi madogo yasiyopevusha yai. Kwa hiyo modeli inayozimika si lazima iwe na parameta mbaya. Inawezekana ulianzia upande usiofaa, au dozi ya homoni uliyoiga imeisukuma ng'ambo. Endesha mara nyingi ukitawanya thamani za mwanzo na uangalie zinaishia wapi. Kama zote zinazimika, hapo ndipo uanze kushuku nguvu ya mrejesho wa estradioli kwenda kwenye pituitari.

Akiba ya mayai inaisha mapema mno, au haishi

Modeli za akiba, yaani za folikuli zilizolala zikisubiri kuanza kukua, hazifanani na za uteuzi. Zinahesabu miaka badala ya siku. Kisa maarufu ni cha mwaka 1992: Faddy na wenzake walilinganisha hesabu za folikuli za wanawake na mistari miwili kwenye karatasi ya logi, na mistari ikakutana kwenye umri wa miaka 37.5, zikiwa zimebaki folikuli kama 25,000. Watu wakaanza kuzungumza kana kwamba kuna jambo linalotokea kwenye ovari siku hiyo. Data ya Hansen na wenzake ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba mstari mmoja unaopinda polepole unaielezea vizuri, bila kona. Kona yoyote kali kwenye modeli yako ya akiba iulize hivi: je, ukibadilisha umbo la mlinganyo inabaki palepale? Isipobaki, ilikuwa ya mlinganyo.

Chanzo cha pili kiko chini ya hadubini. Folikuli yenye kipenyo D, ikikatwa vipande vya unene t, inaonekana kwenye vipande kama (D + t)/t. Folikuli ya akiba ya mikromita 40 kwenye vipande vya mikromita 5 inaonekana mara 9. Inayokua, ya mikromita 200, mara 41. Ukihesabu kila unachokiona, unazizidisha kubwa karibu mara tano zaidi ya ndogo, na modeli inalazimika kuamsha folikuli za akiba kwa kasi ya ajabu ili kuzifikia. Akiba inaisha mapema. Hesabu zile tu ambazo kiini cha yai kinaonekana, na ufanye marekebisho ya ukubwa wa kiini.

Kama akiba inaisha mapema hata baada ya hapo, angalia kama umeweka breki. Kwa panya, homoni ya AMH inayotoka kwenye folikuli zinazokua inazuia za akiba kuamka. Wasio na AMH wanamaliza akiba yao haraka zaidi.

Kila ukikalibu unapata parameta tofauti

Kukalibu ni kutafuta parameta zinazoifanya modeli ifuate data. Data inaafikiana na modeli vizuri, lakini leo kasi ya kujigawa ni 0.5 na kesho ni 0.3. Chukua mlinganyo mdogo kabisa wa seli za granulosa: dN/dt = (b − d)N, ambapo b ni kujigawa na d ni kufa. Kwa siku, b = 0.5 na d = 0.3 zinatoa mstari ule ule kabisa na b = 0.3 na d = 0.1: seli zinaongezeka maradufu kila siku 3.5. Hesabu ya seli pekee haiwezi kuzitenganisha, hata uwe na folikuli elfu moja. Inahitajika aina nyingine ya kipimo, kwa mfano fungu la seli zilizokamatwa zikijigawa, au zilizopokea alama ya BrdU, kemikali inayoingia kwenye DNA ya seli inayojiandaa kujigawa.

Hilo ni kwa parameta mbili. Modeli ya mzunguko wa mwanamke ambayo Röblitz na wenzake waliichapisha mwaka 2013 ina milinganyo 33 na parameta 114. Modeli ya ukubwa huo inaweza kufanya kazi vizuri bila kila parameta yake kujulikana, ila mtumiaji ajue ni zipi data inazishika na zipi zinaelea. Njia ninayoipendelea ni ya polepole. Ishike parameta moja kwenye thamani kadhaa, kalibu nyingine zote upya kila mara, na uchore ubora wa matokeo. Mstari ukiwa na bonde, parameta imeshikwa. Ukiwa umelala kama sakafu, iripoti pamoja na mwenzake inayosafiri naye, yaani b − d, bila kutoa thamani ya b peke yake. Kisha rudi maabara ukiwa unajua kipimo kimoja kinachokosekana.